Maji ya Zambarau na Hadubini Iliyopotea

Siku yangu ya kwanza kazini nilimpa mkuu wangu damu badala ya shina.

Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni, katika shule moja ya upili upande wa Awasi. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti cha fundi wa maabara na koti jeupe ambalo mama yangu alikuwa amelipiga pasi mpaka lingeweza kusimama lenyewe. Mkuu wa Idara ya Sayansi, mtu mrefu aliyepima maneno yake kama dawa, hakuniuliza habari za safari. Alinipa wembe mpya na shina changa la alizeti.

"Kata kipande cha kukingama," alisema. "Chembamba. Nikikiweka juu ya gazeti, nisome."

Ninyi vijana mnaonyeshwa haya kwenye simu, kwa hiyo nieleze. Ndani ya shina mna mirija ya aina mbili. Zailemu hupandisha maji kutoka mizizini. Floemu husafirisha chakula kutoka majanini. Ukikata shina la alizeti vizuri, mafungu ya mirija hiyo yanakaa kwa duara, kama wazee kwenye baraza. Ukikata la mahindi, yametawanyika ovyo kama maharagwe kwenye sufuria ya nyoyo, yale mahindi yanayochemshwa na maharagwe. Hayo yote huyaoni ukikata kipande kinene kama chapati, na changu cha kwanza kilikuwa chapati. Cha pili pia. Cha tatu kilikuwa chembamba ajabu, lakini wembe haukuishia kwenye shina.

Mkuu wa Idara aliinamia hadubini, jicho moja limefumbwa.

"Bwana Odhiambo," alisema bila kuinua kichwa, "shina hili lina damu."

"Ndiyo, mkubwa. Ni yangu."

"Basi liandikie kibandiko. Katika maabara yangu hakuna kitu kisicho na jina."

Nikaandika: *Alizeti, na Odhiambo.* Kipande hicho alikiweka kwenye kabati lake, na kila fundi mpya aliyefika alionyeshwa.

Nilikaa naye miaka mitano, na karibu kila ninachokijua nilikipata kwake. Alinifundisha kupima wanga kwenye jani: unalitumbukiza kwanza katika maji yanayochemka ili life, kisha unalichemsha ndani ya spiriti ili lipoteze klorofili, yaani ile rangi ya kijani inayonasa mwanga wa jua. Jani likishakuwa jeupe kama karatasi unalidondoshea iodini. Penye wanga panageuka buluu iliyokolea hadi weusi. Onyo lake lilikuwa moja: chupa ya spiriti ikae ndani ya maji ya moto, isiguse moto wenyewe kamwe. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na haraka, nikaona maji yananichelewesha. Mwezi mzima nilifanya kazi bila nyusi. Wasichana wa kidato cha pili waliniambia nafanana na yai.

Jambo alilolipenda zaidi yule mzee lilikuwa kuzitenganisha rangi. Unatwanga majani kwa spiriti, unadondosha tone la maji yake karibu na ncha ya karatasi ya kuchujia, kisha unaisimamisha ncha hiyo katika spiriti kidogo, tone likiwa juu ya usawa wake. Spiriti inapanda taratibu na kuzibeba rangi, kila moja kwa mwendo wake. Kijani inabaki nyuma. Karotini, ile ya manjano inayopatikana pia kwenye karoti, inatangulia mbele kabisa. "Umeona?" alikuwa akiniuliza, kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza. "Macho yalisema ni kijani tupu. Macho hayakuulizwa vizuri."

Baadaye nikahamishiwa shule ya wasichana karibu na Nyamasaria, na huko ndiko lilikonipata jambo ambalo bado linanifanya nicheke peke yangu kanisani.

Mwalimu Mkuu wa pale alikuwa mtu mfupi, mzee wa kanisa, mwenye sauti ya kutosha shule mbili. Wazazi walikuwa wamechangishana na kununua hadubini mpya, na aliipenda kuliko gari lake. Wageni wote, hata wauza mkaa, walipitishwa maabara kuiona. Kitabu cha vifaa kilikuwa na sahihi yangu. Ufunguo wa kabati ulikuwa na mimi, na wa pili ulining'inia ofisini kwake.

Muhula wa kwanza ukiwa unaisha, niliomba ruhusa ya wiki mbili nikamzike mjomba wangu. Niliporudi ilikuwa likizo ya Aprili, wanafunzi wameshakwenda makwao. Nikafungua kabati nipanguse vumbi. Hadubini haikuwepo.

Nilipekua kila pembe. Nilitazama hata ndani ya tangi la maji, kana kwamba ingeweza kwenda kuoga. Kisha nikaenda ofisini nikasema.

Mwalimu Mkuu aliketi. Halafu akasimama. "Wakaguzi wanakuja muhula ukifunguliwa," alisema. "Nitawaonyesha nini? Wewe?"

Kwa siku tatu alimhoji kila mtu aliyekuwa shuleni likizo hiyo: karani, bawabu, mtunza bustani, mimi mara nne, na Mama Risper, mpishi. Mama Risper alikuwa mjane wa kutoka pwani ya ziwa, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Alikuwa amewalisha wasichana wa shule ile miaka kumi na tatu. Hakuna aliyejua lolote. Siku ya nne Mwalimu Mkuu akatoka na gari, akarudi na mtu.

"Huyu si mganga," alitutangazia kabla hatujauliza. "Ni Profesa. Ana cheti."

Profesa alikuwa muuza dawa za mitishamba katika soko la Kibuye, Kisumu, mwenye suti ya kahawia na birika la bati. Cheti alikuwa nacho kweli, kwenye fremu. Niliposogea karibu nikaona ni cha mashindano ya mbio. Alitupanga mstari nje ya jikoni, wafanyakazi wote pamoja na naibu wa Mwalimu Mkuu na mke wa naibu huyo, aliyefundisha sayansi kimu na kukaa naye pale shuleni.

"Haya ni maji ya ukweli," alisema Profesa akiinua birika. "Mwenye mkono safi, yatabaki zambarau. Mwizi, yatageuka kijani kama nyoka. Nyoosheni mikono."

Akaanza kumimina, kiganja baada ya kiganja. Karani, zambarau. Bawabu, zambarau. Kwangu moyo ulidunda mpaka nikaona vifungo vya shati vinacheza, lakini zambarau. Alipofika kwa naibu, ambaye kwa sababu ya mafua alikuwa akinyonya ndimu tangu asubuhi, maji yakageuka waridi, rangi ya kupendeza kabisa.

Profesa hakuwa amejiandaa kwa rangi hiyo. Akafikiri haraka. "Huyu hakuiba," alisema. "Huyu ana mapenzi ya siri."

Mkewe akageuka polepole. "Na nani?" akauliza.

"Yawa, jamani!" alisema naibu. "Mimi nina mafua tu!"

Tungecheka zaidi, lakini Profesa alikuwa ameshafika kwa Mama Risper. Akamimina. Maji yakageuka kijani kibichi mbele ya macho yetu sote.

Mama Risper alitazama kiganja chake kama mtu anayetazama mkono wa mgeni. "Mimi?" alisema. "Hadubini nitaipikia nini?"

Hapa nina jambo la kukiri, maana sitaki mnione shujaa. Kitu cha kwanza nilichokisikia ndani yangu kilikuwa nafuu. Sahihi iliyokuwa kwenye kitabu ilikuwa yangu, na siku zile nne nilikuwa nikijiona nimefukuzwa kazi, nimefungwa, watoto wangu wanaulizwa baba yuko wapi. Sasa amepatikana mwingine. Nilishusha pumzi. Ndipo Mama Risper akanitazama, na nikainamisha kichwa.

Alipewa barua ya kufukuzwa siku hiyohiyo, Ijumaa. Jumatatu mchana awe ameondoka.

Sikupata raha. Jioni hiyo jikoni, alipokuwa akifungasha sufuria yake mwenyewe, niliona sinia la osuga, ile mboga chungu, likiwa limetengwa, na kando yake bakuli la magadi. Kwetu mboga hizo hupikwa na magadi ili zilainike. "Mama," nikamuuliza, "leo, kabla hujaitwa kwenye yale maji, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasaga magadi kwa mikono, mboga ziko motoni. Nilikuwa nafanya nini kingine? Nauza hadubini?"

Magadi ni alkali. Ndimu ni asidi. Ziko rangi za mimea zinazogeuka zikikutana na vitu hivyo viwili, na mimi nililipwa mshahara kwa kujua mambo ya namna hiyo.

Nilikimbia hadi maabara. Mlangoni palikuwa na bogenvilia ya zambarau. Nikachuma maua ya kujaza kofia, nikachemsha, nikapata maji ya zambarau mazuri kuliko ya Profesa. Kwa furaha yangu ya kijinga sikujaribu kwanza. Nilimwita Mwalimu Mkuu Jumamosi asubuhi.

"Tazama, mkubwa," nikasema, nikadondosha ndimu. Zambarau. Nikaongeza. Zambarau. Nikakamua ndimu nzima. Maji yakabaki yalivyo, yananitazama. Nikajaribu magadi, baada ya muda yakawa na rangi ya chai ya jana.

"Hiyo si kijani," alisema Mwalimu Mkuu.

"Hapana, mkubwa."

"Kwa hivyo Profesa wa sokoni anajua kuliko wewe niliyekuletea gesi na mabomba." Akaondoka, na pale mlangoni akaongeza, "Na umenimalizia maua."

Nilikaa kwenye stuli yangu mchana wote. Ndipo nikamkumbuka mzee wangu wa Awasi na macho yake yasiyoulizwa vizuri. Zambarau mbili si lazima ziwe kitu kimoja. Iko rangi iitwayo anthosayanini, ambayo ni kigeugeu: kwenye asidi inakuwa nyekundu, kwenye alkali inakuwa kijani. Iko nyingine iitwayo betalaini, ya kwenye bogenvilia na mchicha mwekundu, ambayo unaweza kuimwagia ndimu mpaka uchoke. Kwa macho ni mapacha. Kwa tabia hawajuani. Sikuhitaji maua yoyote ya zambarau. Nilihitaji maua ya Profesa.

Nilikwenda nje ya jikoni, pale alipokuwa amemwaga masalio ya birika. Nilipiga magoti kwenye nyasi, na bawabu akaja kunisaidia akidhani nasali. Tukapata kitu kimoja tu, kimenyauka: kijiti kirefu kama kidole cha mtoto, chenye vinywele vilivyokwisha chavua. Maua mengi yana stameni, zile sehemu za kiume zinazobeba chavua, kila moja imesimama peke yake. Katika ua la hibiskasi zimeungana zikawa bomba moja refu, na shingo ya sehemu ya kike inapita katikati yake. Nilikuwa nimewachorea wasichana kitu hicho ubaoni mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Na hibiskasi, ile nyekundu inayotoa maji ya zambarau ikichemshwa, ndiyo iliyokuwa uzio wa nusu ya nyumba za Kisumu. Mtu angeweza kuichuma popote.

Safari hii nilijaribu kwanza. Mara kumi na mbili.

Jumatatu asubuhi niliomba watu wote waje maabara kabla Mama Risper hajaondoka. Mwalimu Mkuu alikuja kwa sababu naibu alimsihi; tangu Ijumaa naibu alikuwa akilala kwenye kochi na alihitaji sayansi kuliko mtu yeyote. Mama Risper alisimama mlangoni na mzigo wake, hakutaka kuketi.

Nilikuwa nimeweka birika langu, ndimu, na bakuli la magadi. "Mkubwa," nikamwambia Mwalimu Mkuu, "nina kidonda kidoleni. Nisaidie kuuponda huu unga, una mabonge."

Akauponda kwa vidole, kwa nguvu, huku akinihutubia kuhusu muda wake. Alipomaliza nikasema, "Sasa nyoosha mkono."

Alinyoosha bila kufikiri. Nikamimina.

Sijaona kijani kama kile tangu hapo. Kilienea kiganjani mwake, kikaingia kwenye mistari, kikaizunguka pete ya ndoa. Karani akaziba mdomo kwa mikono miwili. Naibu naye akakamua ndimu kwenye kiganja chake, akaja mbio nimmiminie, na kilipotoka waridi akakiinua mbele ya mkewe kama kikombe cha ushindi.

"Umeona? Ni ndimu! Ni ndimu tu!"

"Nimeona," alisema mkewe. "Lakini hukuniambia ulikuwa na ndimu. Mimi nilikuwa nazitafuta za samaki."

Mwalimu Mkuu alikuwa bado anatazama mkono wake. Nilimweleza taratibu, kuanzia ua mpaka magadi, naye akasikiliza. Ni lazima nimpe haki yake: hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye hofu na sauti kubwa. "Basi Mama Risper hana kosa," alisema mwishoni. Kisha akapandisha sauti. "Lakini hadubini iko wapi?"

Mara mlango ukagongwa, akaingia mpiga picha wa mjini, bahasha mkononi. Alikuwa ameleta picha za tamasha la drama, zilizochelewa kusafishwa. Wasichana wetu walikuwa wamekwenda kuigiza Kakamega katika zile wiki mbili nilizokuwa mazishini. Karani akazipokea, akaanza kuzipitia, akasimama kwenye ya tatu.

Ilikuwa picha ya jukwaani. Msichana wa kidato cha tatu, amevaa koti jeupe la maabara, ameigiza daktari. Mbele yake, juu ya meza, hadubini mpya.

Mwalimu wa drama, Mwalimu Wanjiru, alikuwa amerudi kwao Nyeri kujifungua mara tu baada ya tamasha. Sanduku la mavazi lilikuwa stoo limefungwa kwa kamba. Tulikwenda sote, kwa mwendo wa watu wanaokimbia wakijifanya wanatembea. Hadubini ilikuwa ndani, imeviringishwa vizuri katika joho la chifu, haina hata mkwaruzo. Chini yake palikuwa na karatasi, ambayo mtu mwangalifu alikuwa ameihifadhi. Naibu akaisoma kwa sauti, kwa raha kubwa kidogo kuliko ilivyolazimu:

"Mwalimu Wanjiru apewe ufunguo wa kabati la maabara ulio ofisini kwangu, achukue chochote anachohitaji kwa tamasha."

Mwalimu Mkuu akaichukua karatasi. Akaisoma mara mbili, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Sahihi hii ni yangu," alisema kwa sauti ambayo hatukujua kwamba anayo, ndogo.

"Na mkono bado ni kijani, mkubwa," alisema Mama Risper.

Alicheka yeye wa kwanza, Mwalimu Mkuu mwenyewe, mpaka akakalia sanduku. Kisha akainuka, akachukua mzigo wa Mama Risper kwa mikono yake, akaurudisha jikoni, akamwomba msamaha mbele ya wote. Barua ile aliichana. Profesa naye, nilivyosikia, aliendelea na biashara yake Kibuye bila tatizo lolote.

Jioni nilimwendea Mama Risper nikamwambia kuhusu ile nafuu yangu.

"Nilikuona," alisema. "Ulipumua kama punda aliyetuliwa mzigo." Akaendelea kuchambua mboga. Niligeuka niende, akasema, "Kesho kuna samaki. Usichelewe."

Miaka ya tisini ilinikuta kwenye kituo kimoja cha utafiti ufukweni, wakati gugumaji lilipoifunika ghuba ya ziwa kama mkeka. Mkurugenzi wetu alitaka kila sehemu ya mmea ule ikatwe na kuchorwa. Tulijua mabua yake yana vyumba vya hewa kama sifongo, ndiyo maana yanaelea. Tulijua mizizi yake ilivyo na manyoya. "Tumeujua vizuri sana," alisema Mkurugenzi siku moja, tukiwa katika mashua iliyonasa katikati ya gugu hilo tangu asubuhi. "Kilichobaki ni huo wenyewe kujua kwamba tumeujua." Tulivutwa kwa kamba na wavuvi waliotucheka mpaka nchi kavu.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani kwangu Nyamasaria. Vijana huniuliza kazi ile ilinipa nini, na natamani ningekuwa na jibu la heshima. Ilinipa mgongo ulioinama na tabia ya kubandika majina kwenye chupa za jikoni, jambo linalomkera mke wangu. Ilinifundisha pia kwamba aliyekosea hadharani na kurudi kujaribu tena hafi, ingawa siku ile hudhani atakufa. Na watu bado wananiletea majani, yamefungwa kwenye gazeti, kana kwamba mimi ni zahanati.

Juzi alikuja jirani yangu, mama mzee, amebeba chungu cha ua. Mwanawe alimletea kutoka Nairobi. "Nalimwagilia mwaka wa pili huu," alisema. "Halinyauki, lakini halikui. Lina ugonjwa gani?"

Nilivaa miwani. Nilisugua jani. Nikatazama upande wa chini, pale ambapo jani huwa na vitundu vidogo vya kupumulia, na badala yake nikakuta mshono. Lilikuwa la plastiki, na limetengenezwa vizuri sana.

Yule mama alikuwa akinitazama. Kwa dakika nzima niliiwaza elimu yangu yote.

"Mama," nikasema, "ua hili halina ugonjwa wowote. Ni aina isiyotaka maji. Ulipanguse vumbi tu."

Akalipokea kwa mikono miwili, uso umemng'aa.

"Nilijua," alisema. "Mwanangu hawezi kuniletea kitu cha kufa."